Namna ya kuongea na mgonjwa mpaka akuambie ukweli: kwa manesi wapya na wanafunzi mnaoanza wodi

Kwanza niweke wazi, mi sio mwalimu wa chuo. Ni nesi wa wodini tu hapa Dodoma, nimeanzia wodi ya wanawake nikaenda leba nikarudi wodi ya magonjwa ya ndani, na haya ninayoandika ndo yale ambayo kila nikipokea wanafunzi najikuta nayarudia mpaka koo linakauka. Wanakuja wanajua kuweka kanula ya dripu kuliko nilivyokuwa mimi kipindi chao, dozi wanazo kichwani, lakini mwachie mgonjwa aongee naye dakika tano, anarudi anakwambia "sista anaendelea vizuri". Unaenda mwenyewe unakuta mtu hajalala siku tatu na dawa hajameza.

Nianze na bibi mmoja, alitokea vijiji vya huko Bahi, sukari ya miaka mingi na kidonda mguuni. Mwanafunzi wangu alimuuliza nikiwa nasikia. Bibi dawa za sukari unakunywa? Ndiyo mjukuu wangu. Kila siku? Ndiyo. Asubuhi na jioni kama ulivyoambiwa? Ndiyo. Akaandika kwenye faili kwamba dawa anatumia vizuri, akaenda zake kitanda kingine. Kesho yake nasafisha kile kidonda nikamwambia bibi hebu nisimulie siku moja ya kule nyumbani, toka unaamka mpaka unalala, unafanya nini, unakula nini, dawa zinaingia saa ngapi. Basi akaanza, anaamka anafagia uwanja, anaota jua kidogo, mchana ugali wa uwele na mlenda, anachungulia mbuzi wa mjukuu wake, na dawa? Aah, dawa nikiona kichwa kinazunguka ndo nakunywa mwanangu, nikiwa mzima nakunywa ya nini, nazitunza maana kuja mjini ni nauli, na nyingine nimempa jirani yangu naye ana sukari kama mimi.

Bibi hakudanganya mtu. Dawa anakunywa kweli, si ndo alichoulizwa? Aliulizwa maswali matatu ambayo jibu lake la heshima ni ndiyo, na mtu mzima wa huku kwetu aliyetoka kijijini hawezi kumkatalia sista mbele ya wodi nzima. Ukishalielewa hili, mengine yote ninayosema chini ni namna tu ya kumpa mgonjwa nafasi ya kukwambia "hapana" bila kuona haya.

Chuoni mtafundishwa kuhusu Hildegard Peplau, nesi wa Marekani ambaye mwaka 1952 alitoa kitabu kinachosema uhusiano wa nesi na mgonjwa wenyewe ni sehemu ya tiba, una hatua zake, mnaanza hamjuani, mnafanya kazi pamoja, mnaagana. Inasemekana kitabu kilichelewa miaka kadhaa kutoka kwa sababu enzi hizo nesi kuandika kitabu bila jina la daktari pembeni ilionekana ni kiburi. Hilo mtalifanyia mtihani. Mi nataka niongelee kitanda namba tisa saa mbili asubuhi, manesi mpo wawili, wodi imejaa, raundi ya madaktari inakuja, na ndugu kashikilia hotpoti mlangoni.

Salamu. Jamani salamu. Kuna ugonjwa umeingia kwa vijana wakishavaa yunifomu wanaona shikamoo haiwahusu tena, unamkuta binti wa miaka 22 anamwambia mzee wa miaka 70 "mambo vipi, umeamkaje". Mwamkie shikamoo yake, subiri marahaba, ndo uanze maswali. Ukijua na salamu ya kwao umemaliza nusu ya kazi. Mi sio Mgogo, lakini "mbukwenyi" yangu moja tu mbele ya bibi wa Chamwino inafanya anyanyue shingo aulize huyu ni mtoto wa nani, na mtu akishaanza kukuuliza wewe ni mtoto wa nani ujue leo ataongea. Halafu jitambulishe jina na kazi, kila zamu, hata kama jana ulikuwepo. Kaka zetu wauguzi ndo wanahitaji hili zaidi maana mwanaume yeyote mwenye koti wagonjwa wanamwita dokta, mgonjwa anakuja kulalamika eti dokta aliniambia naruhusiwa kumbe alikuwa nesi amepita kumpima joto.

Muulize anapenda aitwe nani. Kina mama wengi wanajisikia nyumbani ukiwaita kwa jina la mtoto, mama fulani, lakini uliza kwanza, kuna ambaye huyo mtoto alishafariki na kila ukiita unamchoma. Na acheni hii tabia ya "yule sukari wa dirishani" na "kitanda cha sita njoo uchukue dawa". Wanasikia. Pia Dodoma siku hizi tuna wagonjwa wa kila aina, watumishi waliohamia na wizara zao, mheshimiwa na dereva wake wanalala wodi moja, usije ukamkalia mheshimiwa nusu saa halafu dereva ukamuuliza ukiwa unatembea.

Kukaa sasa. Ukisimama miguuni kwa kitanda na faili kifuani unaonekana askari anayeandika maelezo. Vuta kigoda, au chuchumaa, macho yenu yawe usawa mmoja, mwili wako umelekea kwake, simu mfukoni. Hakuna kigoda? Inama ushike ukingo wa kitanda. Usikae kitandani kwake bila kumwomba, hicho kitanda kwa siku hizo ndo nyumba yake. Mambo ya siri usiyaulize kwa sauti ya mnadani, vuta skrini, kama skrini hakuna msubirie chumba cha kusafishia vidonda, ndugu waombe wakapate chai kidogo nje.

Muda hakuna, najua, kila mtu ananiambia sista haya ni ya vitabuni sisi tuna wagonjwa arobaini. Sawa. Lakini hao arobaini si lazima uwashike? Mikono ikiwa inafanya kazi mdomo na masikio viko huru. Kusafisha kidonda dakika kumi na tano, kumfuta mwili asiyeweza kuamka, kubadilisha shuka, kusubiri dripu ianze kushuka vizuri, hapo ndo pa kuongelea, na mtu anasema mengi zaidi akiwa hatazamwi usoni. Ila kuna kipimo kimoja mnakosea, presha. Ukipima presha nyamaza na yeye anyamaze, akiongea namba inapanda, na kabla ya kupima anatakiwa awe ametulia kama dakika 5. Hizo dakika tano kaa naye kimya. Wanafunzi wanaona ni mateso, wanaanza kuchezea mashine. Mi nimeshapata habari nzito kuliko zote baada ya kimya hicho, mtu anavua kamba ya presha mkononi anakwambia "sista kuna kitu sijamwambia dokta".

Na hicho kimya kitumieni hata pasipo mashine. Umeuliza swali, mgonjwa ameangalia pembeni, usimrukie na swali la pili wala usimjibie. Hesabu moyoni mpaka kumi. Watu wa vijijini huku hawakimbizani kwenye maongezi kama sisi wa mjini, anaipima kauli kwanza, wewe ukishamkata mara mbili anaona basi huyu ana haraka zake, anakupa ndiyo zako unaondoka.

Maswali yenyewe: anza na "nielezee", "nisimulie", "ilikuwaje". Badala ya "umelala vizuri?" sema "usiku wa jana ulikuwaje?" Badala ya "maumivu yamepungua?" mwambie akulinganishie na jana, na akuonyeshe kwa kidole ni wapi. Maswali ya ndiyo na hapana nayo yana mahali pake, mtu anahema juu juu hutaki simulizi, unataka kujua ana pumu au hana, kifua kinabana au hakibani. Dharura ikipita ndo unarudi kwenye nisimulie.

Neno moja nawaomba mlipunguze kabisa: mbona. Mbona umechelewa kuja? Mbona hukunywa dawa? Mbona mimba ya miezi saba ndo unaanza kliniki? Mtu akisikia mbona anaanza kujitetea, na anayejitetea hakupi taarifa. Uliza "ilianza lini, na mwanzo mlifanya nini?" Hapo atakwambia walianza na dawa za kuchemsha, wakaenda kwa mganga, wakachanjwa, na hizo unazihitaji sana maana kuna mizizi inaharibu figo na ini na dokta anashangaa vipimo havieleweki. Usikunje sura. Mi huwa nasema tu, baba nataka kujua ulichotumia chote ili tusije tukakupa dawa zikagombana humo ndani. Anataja mpaka jina la mti.

Akishasema, mrudishie. Kwa maneno yako, kifupi, "kwa hiyo baba ninavyokuelewa kinachokukosesha usingizi sio mguu, ni ng'ombe wamebaki na mtoto mdogo". Atakwambia ndiyo, au atakurekebisha, vyote ni faida. Lakini usiwe kasuku, kuna mwanafunzi alikuwa kila mgonjwa akisema naumwa tumbo anajibu "unasema unaumwa tumbo", naumwa tangu jana, "unasema tangu jana", mpaka yule mama akauliza jirani yake wa kitanda kwa sauti, hivi huyu mtoto hasikii vizuri?

Halafu kuna pole. Lugha yetu imetupa neno ambalo wenzetu wengi hawana, pole haisemi kosa ni langu, haisemi utapona, inasema nimekuona na mzigo wako. Sasa sisi tumelifanya kama kupiga honi, tunapita wodini pole, pole mama, pole eeh, huku tunatembea. Pole isemwe umesimama, umemwangalia. Ikibidi umshike mkono, ingawa kwenye kushika angalia mtu na mtu, binti kumshika mkono mzee wa kiume mfugaji aliyetoka mbali si kila mmoja ataliona jema, msome kwanza. Na pole isifuatwe na "usijali utapona". Hujui kama atapona. Mgonjwa wa saratani amelala hapo anajua hali yake, ukimwambia usijali unakuwa umemwambia usiniongeleshe hayo. Vilevile "mshukuru Mungu wengine wana hali mbaya zaidi", hiyo aseme yeye mwenyewe akipenda. Wengi wetu tunasali, hakuna ubaya, akitaka kuombewa mwitie mchungaji wake au shehe wake, ila dini isiwe kifuniko cha kumnyamazisha.

Sasa leba, hapa nina deni langu. Miaka ya mwanzo, kituo sikitaji, usiku nikiwa peke yangu na wazazi wanne, alikuwepo binti mdogo mimba ya kwanza, analia kwa sauti. Nikamwambia nyamaza, mwenzako hapo ana maumivu kama yako mbona katulia. Sikumtukana, yale maneno machafu mnayoyajua ambayo wengine wanawaambia wanawake leba sikuyasema, kwahiyo niliona niko sawa tu. Akanyamaza kweli. Baadaye nazunguka nashtukia kitanda chake kimya, nikafunua, kichwa cha mtoto kimeshatoka na yeye ameuma kanga meno yote. Mtoto alilia, Mungu mkubwa. Nilipomuuliza kwa nini hukuniita akaniambia "niliogopa nitakusumbua tena sista". Nilienda stoo nikakaa juu ya boksi la glavu nikatetemeka.

Kwahiyo leba fanya hivi. Uchungu ukiwa umekata ndo umweleze mambo, ukiwa umeshika maneno mawili tu, pumua, nipo hapa. Kabla ya kumpima njia mwambie unaenda kufanya nini, kwamba ataumia kidogo na akisema subiri utasubiri, na usubiri kweli. Ukimaliza mwambie umekuta njia imefunguka kiasi gani, usimwambie mwenzako wa pembeni kama vile yeye hayupo. Na kulia mwache alie. Anayelia unajua aliko.

Ndugu wenye hasira nao ni wagonjwa wako kwa namna fulani. Mtu ametoka Kibakwe huko amelala njiani, anafika saa ya kuona wagonjwa imeisha, au ameambiwa dawa hii dirishani hamna kanunue nje na hela aliyonayo ni ya kurudi. Anapaza sauti. Ukimjibu "huu ndo utaratibu wa hospitali" umemwaga petroli. Mtoe kwenye kundi la watu, simameni pembeni, usimzibe mlango, sauti yako iwe ya chini kuliko yake, halafu litaje lenyewe: kaka umetoka mbali na hujamwona mama yako, ningekuwa mimi ningeumia pia. Kisha mwambie unachokijua, usichokijua sema unaenda kukiuliza na unarudi saa ngapi. Na urudi. Hata kama jibu hujalipata, rudi useme bado. Wanaopiga kelele mara ya pili ni wale walioambiwa nakuja na mtu hakuja. Akiwa amelewa au ameinua mkono, hayo mengine, toka uite mlinzi, ushujaa haulipwi.

Lugha, maana hapa katikati ya nchi hatufanani. Unapata Mgogo, Mrangi wa Kondoa, Mnyaturu wa Singida, Msandawe, Mbarabaig na ng'ombe zake, Mmasai aliyeshuka kutoka Kiteto, na Kiswahili cha wazee wengine ni cha sokoni tu, bei anaijua, maumivu hayajui kwa Kiswahili. Tafuta mkalimani, kwanza kati ya watumishi, mara nyingi mhudumu wa usafi anaijua hiyo lugha kuliko wote. Usimtumie mtoto, mtoto wa miaka kumi hawezi kutafsiri damu inayomtoka mama yake ukeni. Usimtumie mkwe kwa mambo ya chini ya kitovu, mtaambiwa kila kitu kizima. Na ukiongea mwangalie mgonjwa, usimwangalie mkalimani, sentensi fupi, moja moja, na ukiona mgonjwa ameongea dakika mbili mkalimani akakwambia "anasema hapana" ujue kuna kitu kimebaki njiani, mwambie arudie chote.

Wasioona wapo wengi pia. Trakoma, au vikope kama wengi wanavyoita, imewafunga macho wazee wengi wa mikoa hii, Kongwa ndo ilijulikana sana kwa huo ugonjwa. Kwa asiyeona taja jina lako kabla ya kumgusa, mwambie na nani mwingine yuko hapo, na unapoondoka sema naondoka, usimwache anaongea na ukuta. Asiyesikia vizuri usimpigie kelele, tafuta sikio linalosikia, kaa upande huo, toa barakoa kama inaruhusiwa aone mdomo.

Wagonjwa wa akili nawagusia tu maana hilo ni somo lake. Hapa Dodoma tuna Mirembe, hospitali ya akili inayojulikana nchi nzima, na kwa bahati mbaya jina lake limegeuka tusi la mtaani, mtu akikosea kidogo "mpelekeni Mirembe". Kwahiyo mgonjwa wa wodi ya kawaida aliyeanza kuchanganyikiwa kwa malaria au kwa kukatishwa pombe ghafla akisikia manesi wanalitaja hilo neno wanacheka, amewafunga mlango. Akisikia sauti usibishane naye kwamba hazipo, wala usijifanye unazisikia, mwambie mimi sizisikii, ila naona zinakuogopesha, zinakwambia nini? Ongea taratibu, jambo moja kwa wakati, na wewe ndo uwe karibu na mlango.

Na kama unahisi mtu anawaza kujiua, uliza. Litaje jambo lenyewe, bila kuzunguka. Kumuuliza hakumpi wazo, hilo limeshaangaliwa na wataalamu sana, kinachotokea ni mtu kushusha pumzi kwamba hatimaye kuna aliyeliona. Mi nasema "watu wakipitia mazito kama haya kuna wanaofika mahali wakawaza kujiua, je wewe imeshakufikia?" Akisema ndiyo usishtuke, usimhubirie, usimwahidi kuifanya siri yenu wawili. Usimwache peke yake, muite daktari na kiongozi wa zamu, ondoa vitu vya hatari karibu yake. Wanaoletwa wamekunywa sumu mara nyingi ndugu wanasema ilikuwa bahati mbaya, wanaogopa polisi. Wewe usiwe wa kwanza kuwabana na hilo, okoa mtu kwanza, maongezi yatakuja akiwa na nguvu.

Siri nadhani mnaijua lakini narudia kwa ajili ya kwenye korido. Baba anakufuata, sista mwanangu ana nini? Mwanawe ana miaka 26. Kama ni VVU, sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda hayo majibu, na hata kama ni magonjwa mengine bado mwenye habari ni mgonjwa. Lakini usimjibu yule baba "siruhusiwi kusema", utakuwa umeshasema. Mwambie baba naona wasiwasi wako, twende tumuulize mwenyewe kama yuko tayari tukae wote watatu. Wengi wanakubali. Anayekataa, basi.

Habari mbaya kwa kawaida anaitoa daktari, sasa daktari ameshamaliza ameondoka na raundi yake, nani anabaki? Wewe. Usikimbilie kupanga dawa kwenye troli. Kaa. Muulize "dokta amekwambia nini?", usishangae akirudia nusu tu, mtu akishasikia neno saratani yanayofuata hayaingii. Kesho rudia upya kana kwamba hayajasemwa.

Mwisho ni kuruhusiwa, ambapo ndo tunaharibu kuliko popote kwa sababu kitanda kinasubiriwa. Usimuulize "umeelewa?" Jibu unalijua. Mwambie akueleze wewe, na ujibebeshe lawama mwenyewe: "bibi leo nimeongea haraka sana, hebu niambie ukifika nyumbani mjukuu akikuuliza hii dawa unaitumiaje utamjibuje, nione kama nimeeleza vizuri". Yule bibi wa Bahi dokta alimwanzishia insulini, dawa ya sukari ya sindano inayotakiwa ikae pa baridi, na nyumbani hakuna friji, nikamwelekeza habari ya mtungi wa udongo wenye maji, chupa iwe kwenye kifuko isilowe, mtungi ukae kivulini. Nikaona kaelewa, anatikisa kichwa. Namwambia haya nieleze, akasema "nikifika naimimina kwenye maji ya mtungi". Nikavuta pumzi. Nikachukua kikombe cha chai, kifuko cha glavu na chupa tupu ya dawa tukafanya pale pale kitandani, mara mbili, ya tatu akafanya mwenyewe na mjukuu wake anaangalia.

Na unayoyapata yaandike kwenye ripoti ya kukabidhiana, maneno yake mgonjwa kama alivyosema, ili wa naiti asianze tena na ndiyo ngapi. Mi ile siku bibi aliponisimulia niliandika hivi: bibi anakunywa dawa siku akijisikia vibaya tu, nyingine kampa jirani, asigombezwe, anasikia sikio la kulia. Mwenzangu wa naiti akakaa upande wa kulia, akamuuliza habari za huyo jirani. Jumanne ya kliniki iliyofuata bibi alikuja amemshika mkono mama mmoja mnene mwenye kitenge, kabla hata sijaamkia akaniambia ndo huyu, mwangalie na yeye kidole chake.